Rangi ya Bawa Iwe Shahidi wa Mwisho: Kumtambua Kipepeo wa Milima Mirefu ya Tropiki

Mtu anapoleta picha ya kipepeo aliyemkuta mita 2800 juu ya usawa wa bahari na kutaka jina lake, huanza na rangi: mweusi, ana madoa meupe, ana utepe wa manjano. Kwa vipepeo wengi wa tambarare maelezo hayo humfikisha mtu karibu na jibu. Kwa vipepeo wa milima ya tropiki yanapotosha, tena kwa njia mbili zinazokwenda kinyume. Spishi zisizo na undugu wa karibu hufanana, ama kwa sababu moja inamuiga mwenzake mwenye sumu, ama kwa sababu baridi imezisukuma zote kuwa nyeusi ili zinase joto la jua haraka. Halafu spishi moja huonekana kama tatu, kwa sababu dume na jike hawafanani na kila mlima umetengeneza sura yake.

Ndiyo maana utaratibu ninaoutetea ni wa kinyume na ule wa mazoea. Anza na mahali, kisha miguu na mishipa ya mabawa, kisha viungo vya uzazi, kisha DNA. Rangi ije mwishoni, kuthibitisha yaliyokwisha kujulikana au kuyatia shaka.

Mahali ni nusu ya jina

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1000 unazopanda. Kwa kipepeo, ambaye hawezi kuruka bila kupasha misuli ya kifua, tofauti ya mita 300 ni tofauti ya makazi. Huko Andes, vipepeo wa kahawia wa kundi la Pronophilina wamepangika mteremkoni kwa mikanda myembamba ya mita mia chache. Ukipanda kidogo, spishi uliyoiacha chini inapokewa na ndugu yake wa karibu. Anayekosea mwinuko kwa mita 200 amekwisha kumhamishia kipepeo kwenye mkanda wa jirani, na jina linafuata kosa hilo.

Kwa hiyo lebo iandikwe siku ileile, si ukirudi nyumbani. Iwe na nchi, mkoa, jina la mlima na upande wake, viwianishi vya digrii zenye tarakimu nne baada ya nukta (usahihi wa takriban mita 11) pamoja na mfumo uliotumika, kwa kawaida WGS84. Iwe na mwinuko kwa mita, tarehe ambayo mwezi umeandikwa kwa herufi au namba za Kirumi ili 4/7 isisomwe kama 7 Aprili, jina la aliyekusanya, na neno moja au mawili kuhusu makazi: mianzi, ukingo wa msitu, nyasi zenye maji. Mwinuko una mtego wake. GPS hukosea zaidi kwa wima kuliko kwa mlalo. Wengine hukimbilia kuusoma kwenye ramani kwa kutumia viwianishi, lakini kwenye mteremko wa digrii 45 kosa la mita 50 kwa mlalo ni kosa la mita 50 kwa wima. Kilicho salama ni altimita ya kanieneo iliyorekebishwa asubuhi kwenye sehemu yenye kimo kinachojulikana, na kurekebishwa tena hali ya hewa ikibadilika. Lebo za zamani zilizoandikwa "Kilimanjaro" na hakuna kingine hazitusaidii sana: mlima huo unaanzia kwenye mashamba ya chini na kufika mita 5895.

Mahali pia hupunguza orodha ya watuhumiwa kabla hujagusa bawa. Papilio sjoestedti, aliyeelezwa na Aurivillius mwaka 1908 kutokana na safari ya Yngve Sjöstedt ya 1905 na 1906, ni wa milima ya kaskazini mwa Tanzania tu, Meru na Ngorongoro zikiwemo. Ndugu yake Papilio jacksoni yuko kwenye misitu ya nyanda za juu za Kenya na Uganda. Mtu mwenye kielelezo cha Mlima Meru ana sababu nzuri ya kuanza na huyo wa kwanza, ingawa asiishie hapo.

Tahadhari moja kuhusu vilele. Upepo wa mchana hupanda mteremko na kubeba vipepeo wa chini hadi juu kabisa, na spishi zinazohama, kama Vanessa cardui, hupita kwenye vimo ambavyo hazizaliani. Kipepeo mmoja aliyechakaa aliyeokotwa mita 4000 ni msafiri mpaka ithibitike vinginevyo. Ushahidi wa ukaazi ni mayai au viwavi kwenye mmea wao, vipepeo wapya ambao pindo za mabawa hazijakatika, au wawili wanaopandana.

Kumpata bila kumharibu

Kwanza kibali. Tanzania utafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi ya nchi hiyo, na kwenye hifadhi za taifa KWS, shirika la wanyamapori, ina sauti yake. Makumbusho makini hayapokei kielelezo kisicho na karatasi, na majarida mengi huuliza namba ya kibali kabla ya kuchapisha.

Muda wa kuruka ni mfupi. Milima mingi ya tropiki hufungwa na mawingu kuanzia adhuhuri, kwa hiyo kazi halisi ni ya kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Wavu wa kipenyo cha sentimita 40 wenye mpini mrefu unatosha kwenye nyasi. Kwa vipepeo wa msituni wanaokaa juu ya miti, mtego wa Van Someren-Rydon ndio unaofaa: silinda ya chandarua iliyofungwa juu, na chini yake sahani ya chambo iliyoning'inizwa ikiacha upenyo wa sentimita 3 hadi 5. Kipepeo huingia kwa kutambaa, akishiba huruka juu na kunaswa. Ndizi zilizochacha hufanya kazi vizuri chini, lakini kwenye baridi harufu haisafiri na uchachukaji ni wa polepole. Watafiti wa Andes hutumia kinyesi au samaki aliyeoza, na wanapata zaidi. Mtego ukaguliwe mchana na jioni. Ukiachwa usiku kucha, siafu na umande humaliza kila kitu chenye thamani ya kisayansi.

Kwa DNA, mbinu za kuua zina uzito. Kubana kifua pembeni, chini ya mabawa, kwa sekunde chache ni safi na hakuachi kemikali. Ethili asetati huharibu DNA, na fomalini ni mbaya zaidi. Baada ya hapo, kipepeo aingie kwenye bahasha ya pembetatu ya karatasi nyororo, mabawa yamefungwa juu ya mgongo, na bahasha zikae kwenye kopo lenye chembe za silika, kwa sababu unyevu wa msitu wa mawingu huotesha ukungu ndani ya siku mbili tatu. Chomoa mguu mmoja wa kati, uweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Mguu wa mbele usiguswe, utauhitaji. Namba ya kichupa iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kilichomo ndani, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli na kukuachia mguu usio na mwenyewe.

Hesabu miguu

Papilio rex wa nyanda za juu za Afrika Mashariki ana mizizi ya bawa ya rangi ya kutu na madoa meupe kwenye weusi, kwa sura ileile ya Tirumala formosa, ambaye ndege humkwepa kwa ladha yake. Wakiwa wanaruka, hata mzoefu hubahatisha. Jike wa Papilio jacksoni naye amevaa vazi la Amauris, jenasi nyingine ya vipepeo wasiolika: jeusi, doa kubwa la rangi ya malai kwenye bawa la nyuma, nukta nyeupe kwenye la mbele. Dume wake hafanani naye kabisa. Mtu anayetegemea rangi atawaweka dume na jike hao kwenye familia mbili tofauti, na jike atamweka na watu wasio wake.

Kioo cha kukuza mara 10 kinamaliza ubishi huo kwa dakika moja. Papilionidae, familia ya Papilio, wana miguu sita kamili ya kutembelea, na kwenye goko la mguu wa mbele kuna kiungo kidogo kama jani kinachotumika kusafishia vipapasio. Danainae, kundi la Tirumala na Amauris, kama Nymphalidae wenzao, wana miguu ya mbele iliyonywea na kukunjwa kifuani. Hutembea kwa minne. Geuza bawa la nyuma: kwa Papilio ukingo wa ndani umekatwa kwa kuingia ndani na hauufuniki mwili, na una mshipa mmoja tu wa nyuma kabisa. Kwa Tirumala na Amauris ukingo huo ni mpana, umejikunja kama mfereji unaolipokea fumbatio, na una mishipa miwili. Vipapasio vya Danainae havina magamba. Hakuna kiasi cha uigaji kilichofika kwenye mambo haya, kwa sababu ndege hahesabu mishipa.

Alama za familia nyingine ni nyepesi. Pieridae wana kucha zilizogawanyika ncha mbili. Lycaenidae wana vipapasio vya pete nyeusi na nyeupe, jicho lililozungukwa na magamba meupe na kubonyea kidogo pale kipapasio kinapoanzia. Hesperiidae wana kichwa kipana, vipapasio vilivyoachana, na mishipa yote ya bawa la mbele inatoka moja kwa moja kwenye seli ya bawa, ile nafasi ya katikati iliyozungukwa na mishipa, bila kugawanyika njiani. Satyrinae, vipepeo wa kahawia kama wale Pronophilina, wengi wana mishipa iliyovimba kwenye shina la bawa la mbele.

Mishipa haionekani vizuri chini ya magamba. Dondosha ethanoli ya asilimia 70 upande wa chini wa bawa kwa brashi nyembamba. Kwa sekunde kadhaa bawa huwa kama kioo na mishipa yote hujitokeza, kisha ethanoli inakauka bila kuacha alama. Piga picha wakati huohuo. Usijaribu hivyo kwa maji.

Wale wasio na sura

Ugumu wa kweli hauko kwa vipepeo wakubwa wa kuiga. Uko kwa wadogo wa buluu na wa kahawia, ambao kila mtu huwapita.

Chukua Leptotes. Afrika Mashariki, kuanzia chini hadi nyanda za juu, kuna L. pirithous, L. babaulti, L. brevidentatus, L. jeanneli na L. marginalis. Kwa mabawa hawatofautishiki kwa uhakika, iwe kwa juu au kwa chini. Anayeandika "Leptotes pirithous" chini ya picha ya kipepeo wa mita 2200 anasema tu kwamba hilo ndilo jina analolijua. Jibu la uaminifu kwa picha hiyo ni "Leptotes, kundi la pirithous", basi. Tofauti zao ziko kwenye viungo vya uzazi vya dume.

Kwenye Andes hali ni hiyohiyo kwa Pedaliodes, jenasi kubwa kuliko zote za Pronophilina. Upande wa juu wa wengi wao ni kahawia iliyokolea bila alama. Ukiwapanga ishirini kwenye sanduku unaona kahawia tu. Hapo geuza. Upande wa chini wa bawa la nyuma una mstari wa katikati, jino lake au kutokuwepo kwa jino, vumbi la magamba ya manjano, nukta nyeupe karibu na ukingo. Kwa dume, tafuta kiraka cha magamba ya harufu juu ya bawa la mbele: umbo lake na seli linazozifikia ni alama ya thamani, ila kinaonekana tu bawa likiinamishwa kwenye mwanga wa pembeni. Delias wa milima ya New Guinea nao husomwa kwa chini, kwa sababu rangi zao zote kali ziko huko. Ushauri wa kupiga picha pande zote mbili umerudiwa mara nyingi mpaka umechosha, na bado picha nyingi zinazowekwa mtandaoni ni za juu tu.

Mmea wa kiwavi husaidia kupanga, hasa kwa hawa wa kahawia. Pronophilina wengi hula mianzi ya Chusquea. Afrika, Aphysoneura pigmentaria naye ni wa mianzi ya milimani. Mahali mianzi inapoishia, usitarajie kumkuta.

Chini ya darubini

Viungo vya uzazi vya dume ni vya khitini ngumu, vyenye umbo thabiti ndani ya spishi, na havibadilishwi na baridi au msimu kama rangi inavyobadilishwa. Kuvitoa ni kazi ya saa moja ukishazoea.

Vunja fumbatio kwa kulikunja taratibu kuelekea juu, si chini. Kama unataka DNA kutoka humohumo, liloweshe kwanza kwenye mmumunyo wa proteinezi K, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, usiku kucha kwa nyuzi 56. Kimiminika kinakwenda maabara, ganda linabaki kwako, kazi mbili kwa kielelezo kimoja. Kisha liingie kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Kwa baridi liache usiku mzima. Kwa haraka, tumbukiza kichupa kwenye maji ya moto kwa dakika 10 hadi 20. Usichemshe kichupa moja kwa moja kwenye moto, kwani kimiminika hurukia usoni, na haidroksaidi hiyo huunguza ngozi na kupofusha. Vaa miwani. Ukizidisha muda, sehemu laini huyeyuka na utando unaoshikanisha vipande hukatika, ukabaki na vijisehemu vinavyoelea bila kujua kipi kiliungana na kipi. Ukipunguza muda, misuli haitoki na unalazimika kuvuta kwa koleo, na hapo ndipo vibanio, vile vipande vya pembeni ambavyo dume humshikia jike, huvunjika.

Likilainika, lihamishe kwenye maji yenye tone la asidi asetiki ili kuua makali ya haidroksaidi, kisha ethanoli ya asilimia 70. Ondoa magamba kwa brashi iliyokatwa fupi. Toa kiungo kizima kwa kubana ngozi ya pete ya mwisho na kuivuta nyuma. Unachotafuta: unkasi, ile ndoano ya juu nyuma kabisa, na kama ni moja au imegawanyika, vibanio viwili vya pembeni, umbo la ncha na meno yake, sakasi, kimfuko cha mbele chini, urefu wake ukilinganishwa na unkasi, na uume, urefu, mkunjo, na vijiba ndani ya utando wake. Kwa jike, angalia bamba linalozunguka tundu la kupandia, urefu wa mfereji, na alama ngumu ndani ya mfuko unaopokea mbegu.

Kosa kubwa hapa ni la pembe. Kibanio kilicholazwa kwa pembe tofauti kidogo hutoa mchoro tofauti, na kuna majina kwenye fasihi yaliyosimama juu ya tofauti ya namna hiyo. Piga picha kikiwa bado kizima, upande wa kushoto, kikielea kwenye glisirini, kabla ya kubandika chochote kwenye slaidi. Ukibandika mapema, kioo cha juu hukisukuma, vibanio hufunguka, na huwezi tena kulinganisha na michoro ya wengine. Mimi sioni sababu ya slaidi siku hizi. Kichupa kidogo cha glisirini kilichochomwa kwenye pini ileile ya kipepeo kinaruhusu kukigeuza upendavyo hata baada ya miaka hamsini.

DNA inasema nini, na haisemi nini

Kipande kinachotumika kama msimbo wa utambuzi ni besi (herufi za DNA) 658 za jeni ya COI ya mitokondria, kwa pendekezo la Paul Hebert na wenzake la 2003. Matokeo hulinganishwa na hifadhidata ya BOLD. Kwa mazoea, tofauti ya asilimia 2 huchukuliwa kama kengele ya spishi mbili, yaani takriban besi 13.

Sasa fanya hesabu kwa ajili ya mlima. Kiwango kinachotumiwa sana kwa wadudu ni tofauti ya asilimia 2.3 kati ya nasaba mbili kwa kila miaka milioni. Wakati baridi ya enzi ya barafu ilipofikia kilele, miaka 20,000 hivi iliyopita, mikanda ya mimea ya milimani ilishuka na milima mingi iliyotengana leo ilikaribiana. Vipepeo waliotengana tangu hapo wanatarajiwa kutofautiana kwa asilimia 0.046. Zidisha kwa 658: ni theluthi ya besi moja. Kwa maneno mengine, msimbo huo hauwezi kuuona utengano wa tangu enzi ya barafu, hata kama mabawa yamekwisha kubadilika. "DNA yao ni moja" haimaanishi kwamba ni kitu kimoja. Huenda rula yako ina milimita na wewe unapima unywele.

Kinyume chake pia kipo. Mitokondria hurithiwa kwa mama, na bakteria Wolbachia wanaopita njia hiyohiyo wanaweza kusambaza aina moja ya mitokondria kwenye spishi nzima, au hata kuivusha kwa spishi jirani kwa kupandana mara chache. Spishi mbili halali zinaonekana moja, au moja inaonekana mbili. Vilevile kuna nakala za jeni hiyo zilizohamia kwenye kiini cha seli. Zikisomwa kwa bahati mbaya hutoa tofauti za uongo. Zinajulikana kwa alama za kusimamisha utengenezaji wa protini katikati ya mfuatano au herufi mbili kwenye nafasi moja. Dawa ni kusoma jeni kadhaa za kiini, na kupima Wolbachia kwenye sampuli hizohizo kabla ya kutangaza lolote.

Spishi, nususpishi, au si kitu?

Hapa ndipo uainishaji wenyewe unapoanza. Lycaena phlaeas (Linnaeus, 1761), kipepeo mdogo wa rangi ya shaba, yuko Ulaya, Asia, Amerika Kaskazini, na pia kwenye milima ya Afrika Mashariki, ambako huitwa nususpishi abbottii (Holland, 1892). Viwavi wake hula mimea ya Rumex. Kumtambua si tatizo: bawa la mbele la rangi ya chungwa inayong'aa lenye madoa meusi, la nyuma la kahawia lenye ukanda wa chungwa pembeni, na chini hakuna madoa ya kifedha kama yale ya Axiocerses, ambaye wageni humchanganya naye. Swali ni cheo. Je, kipepeo aliyetengwa juu ya mlima wa ikweta, maelfu ya kilomita kutoka kwa nduguze wa Ulaya, bado ni phlaeas?

Kigezo cha kupandana hakitumiki, kwa kuwa hawakutani. Rangi nayo ina tatizo linalofahamika kwa spishi hii hasa: majaribio ya karne ya 19 yalionyesha kwamba mabundo yakipata joto kali hutoa vipepeo wenye weusi uliokolea zaidi. Kwa hiyo milima miwili yenye hali tofauti inaweza kutoa sura mbili bila jeni yoyote kuhusika. Njia ya kujua ni kukusanya mayai kutoka milima yote miwili na kulea viwavi kwenye Rumex ileile, joto lilelile, mwanga uleule. Tofauti ikidumu kwa kizazi kilicholelewa pamoja, imerithiwa. Ikitoweka, ilikuwa ya hali ya hewa, na nususpishi iliyosimama juu yake inaanguka.

Kisha idadi. Vielelezo vitatu kutoka kila mlima havisemi kitu. Madume kumi na majike matano kwa mlima ni mwanzo unaoweza kutetewa, na wawe wa vimo mbalimbali, la sivyo utapima athari ya mwinuko na kuiita ya mlima. Pima urefu wa bawa la mbele kutoka shina hadi ncha kwa kalipa, kwa sehemu ya kumi ya milimita, pande zote mbili. Rudia siku nyingine bila kuangalia namba za kwanza ili ujue makosa ya mkono wako yana ukubwa gani. Kama tofauti kati ya milima ni ndogo kuliko tofauti kati ya vipimo vyako viwili vya kipepeo yuleyule, hakuna cha kuandika.

Kigezo ninachokiamini zaidi ni cha kulinganisha: tafuta ndani ya jenasi hiyohiyo spishi mbili za karibu zinazoishi pamoja mlima mmoja bila kuchanganyika, upime tofauti zao kwenye viungo vya uzazi, jeni za kiini na mabawa. Hicho ndicho kipimo cha spishi kwa jenasi hiyo. Vipepeo wa milima miwili wakifikia kiwango hicho kwa ushahidi wa aina mbili au zaidi usiotegemeana, waite spishi mbili. Wakifikia kwa upana wa utepe tu, ambao ndio msingi wa nususpishi nyingi mno zilizoelezwa kutoka milima ya tropiki, waache walipo.

Jenasi nazo huhama. Vipepeo wa madoa wa milima ya Afrika, ambao viwavi wao hula Viola, waliwekwa kwa muda mrefu kwenye Issoria pamoja na I. lathonia wa Ulaya na Asia. Uchambuzi wa jeni ulionyesha kwamba kundi hilo halikuwa la nasaba moja, na vipepeo wa Afrika wakapewa jenasi Prokuekenthaliella. Tirumala formosa (Godman, 1880) alikuwa Danaus. Mabano yanayozunguka jina la mwandishi na mwaka ndiyo yanayokuambia kwamba spishi imehama kutoka jenasi iliyoandikiwa kwanza. Papilio rex Oberthür, 1886 hana mabano kwa sababu hajahama. Unapotafuta fasihi, tafuta kwa jina la spishi na mwandishi, si kwa jenasi, la sivyo utakosa nusu ya kilichoandikwa.

Ukifika mwisho na bado huna jina, usikimbilie kutunga. Linganisha na holotaipu, yaani kielelezo kimoja ambacho jina la spishi limefungwa kwacho, si na picha ya kitabu. Majina mengi ya milima ya Afrika yana vielelezo vyao vya msingi London na miji mingine ya Ulaya, na siku hizi mara nyingi inatosha kuomba picha za juu, chini na lebo zote. Nairobi kuna mkusanyiko mkubwa wa Taasisi ya Utafiti wa Vipepeo wa Afrika, ambao kwa kulinganisha milima kwa milima ni vigumu kuupita. Kagua visawe, majina mengine ya spishi hiyohiyo, pia: jina lililotolewa kama "var." (aina tofauti) kabla ya 1961 linaweza kuwa halali na likakutangulia.

Ikithibitika ni mpya, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai mambo machache yasiyojadilika: maelezo yanayotofautisha, tamko la wazi kwamba jina ni jipya, holotaipu mmoja aliyetajwa na mkusanyiko anakowekwa, na kama chapisho ni la kielektroniki pekee, kuanzia 2012, usajili kwenye ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, namba yake ikionekana ndani ya chapisho lenyewe. Holotaipu awe dume mzima mwenye vipapasio viwili, ambaye viungo vyake vya uzazi vimechambuliwa na mguu wake umesomwa DNA, ili mabawa, kichupa na mfuatano vyote vitoke kwa mnyama mmoja. Namba ileile iandikwe kwenye pini, kwenye kichupa cha glisirini, kwenye kichupa cha ethanoli na kwenye rekodi ya BOLD. Parataipu, vielelezo vingine vilivyotumika katika maelezo, wagawanywe kwa makumbusho mawili au matatu, mojawapo likiwa la nchi yenye mlima huo.